Kiluwiri mweusi: jina lipi la kisayansi ni sahihi?

Unauliza kwa nini ndege mmoja anaitwa Gallinula flavirostra, Amaurornis flavirostra na Zapornia flavirostra. Yote ni ya kiluwiri mweusi. Andika la mwisho. Mwanasayansi William Swainson alipomweleza mwaka 1837 alimweka kwenye jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) Gallinula, pamoja na kukuziwa. Baadaye akahamishiwa Amaurornis, na ulinganisho wa DNA ukamsogeza hadi Zapornia. Familia haijabadilika: Rallidae, oda ya Gruiformes.

Unataka pia kufuta mabano yanayozunguka jina la mtu na mwaka; usiyaguse. Katika Zapornia flavirostra (Swainson, 1837) yanaonyesha kwamba Swainson alitumia jenasi nyingine. Kama jenasi ingekuwa ileile ya mwanzo, yasingekuwepo. Wengi huyadhania pambo, kisha orodha yao inapotosha.

Ukihamisha spishi, tazama pia mwisho wa neno la pili. Likiwa kivumishi cha Kilatini, hufuata jinsia ya jenasi. Mfano ni ndege mwingine wa familia hii, ambaye mwanasayansi Pallas alimwandika Rallus pusillus mwaka 1776. Rallus ni ya kiume, Zapornia ya kike, kwa hiyo leo ni Zapornia pusilla. Kompyuta ikibadilisha jenasi peke yake utapata "Zapornia pusillus", kosa ninaloliona mno kwenye majedwali.

Jenasi ianze kwa herufi kubwa, spishi kwa ndogo, zote mbili kwa italiki. Jina la mtu na mwaka viache wima. Majina ya zamani yaweke kwenye safu ya visawe, maana lebo za makumbusho bado zinayo.