Majibu kwa Wasomaji: Mirija ya Uzazi Imeziba Wapi, na Imezibwa na Nini?

Shikamoo daktari. Natafuta mtoto, huu mwaka wa tatu. Nimepiga HSG (eksirei inayopigwa huku dawa ya kuonyesha njia ikisukumwa kwenye mfuko wa uzazi na mirija) na karatasi ya majibu inasema mirija yote miwili imeziba. Chini yake kuna maneno "salpinjaitisi isthmika nodosa", kila ninayemuuliza hayajui. Kuna mama anauza dawa ya kuzibua mirija, dozi ya siku 21. Ninunue? – Msomaji, Morogoro

Marahaba. Usinunue.

"Mirija imeziba" ni matokeo tu, bado hujaambiwa ugonjwa. Mrija una urefu wa sm 10 hadi 12. Unaanzia kwenye pembe ya mfuko wa uzazi, ukipenya nyama ya mfuko kwa kama sm 1, na tundu lake hapo halifiki hata mm 1. Ukitoka hapo unakuwa mwembamba na mgumu, kisha unapanuka. Humo kwenye upana ndimo mbegu na yai hukutana. Mwisho wake una vidolevidole vinavyolidaka yai kutoka kwenye ovari. Kuziba penye pembe na kuziba penye vidole ni mambo mawili tofauti, na tiba zake hazifanani.

Ugonjwa ulioandikwa kwenye karatasi yako si wa kila siku, lakini si mgeni: Hans Chiari aliueleza mwaka 1887. Utando laini wa ndani ya mrija hupenya kwenye ukuta wa misuli na kufanya vijifuko, misuli iliyovizunguka ikanenepa na kuwa vinundu pale kwenye sehemu nyembamba. Omba picha zenyewe, si karatasi tu. Kando ya mstari mweupe wa dawa utaona vidoadoa vyeupe vya mm 2 hivi, kama chokaa iliyorukia ukutani. Sasa fikiria dawa ya kunywa: inapita tumboni, inaingia kwenye damu. Itakitoaje kinundu cha msuli? Zile za kuweka ukeni ni mbaya zaidi. Huunguza na kuvuruga bakteria wazuri wanaolinda uke, halafu maambukizi yakapanda juu. Hapo mrija uliokuwa mzima nao unaingia matatani.

Hata hivyo, usikubali haraka kuwa imeziba kweli. Pembe za mfuko wa uzazi zina misuli, na misuli ikishtuka hukaza. Dawa ikagoma kupita na ripoti ikaandikwa "imeziba". Hilo hutokea mara nyingi. Kipimo kifanyike kati ya siku ya 7 na ya 10 tangu hedhi ilipoanza, damu ikiwa imekatika, na tangu hedhi hiyo usiwe umekutana na mwanamume bila kinga. Kama huna vidonda vya tumbo, pumu wala mzio wa dawa za maumivu, kula kidogo na umeze ibuprofeni mg 400 saa moja kabla. Mwambie mpigaji picha asukume dawa polepole, na ikigoma asubiri dakika chache kisha apige tena. Ikigoma tena, kinachofuata ni kupitisha waya na mrija mwembamba wa plastiki kupitia mlango wa kizazi mpaka kwenye pembe, au kuingiza kamera kupitia kitovuni na kutazama kama dawa ya buluu inatokea upande wa pili.

Ikithibitika ni vinundu, yapo mawili: kukata kipande kibovu na kuunga, au IVF, yaani yai kurutubishwa maabara. Sisi tungeegemea IVF kama fedha zinaruhusu, maana mrija wenye vijifuko hata ukipitisha dawa bado unaweza kulinasa yai lililorutubishwa, ikawa mimba ya nje ya kizazi. Kwa hiyo siku ukipata mimba kwa njia yoyote, piga ultrasaundi wiki ya 6 tangu hedhi ya mwisho. Maumivu ya upande mmoja, kizunguzungu, au bega kuuma bila kuumia: hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane.

Mdogo wangu ana miaka 24. Hedhi ilianza kupungua, sasa imekata kabisa. Hospitali wanasema ni TB ya mirija, na hana hata kikohozi. Inawezekanaje? – Dada mtu, Mwanza

Inawezekana sana, na kwetu haistahili kuitwa nadra. Inakosa tu kutafutwa. Vimelea huingia kwa pumzi, hukaa kwenye mapafu, kisha husafiri na damu. Vikifika kwenye viungo vya uzazi hupiga mirija kwanza, kwa kawaida yote miwili. Hapo hushuka kwenye ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, na ukuta ukishapata makovu hedhi hupungua au hukata. Picha ya kifua inaweza kuwa safi kabisa.

Ushahidi hupatikana kwa kuchukua nyama kidogo ya ukuta huo na kuipeleka GeneXpert (mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea vya TB), kwenye kuotesha vimelea, na kwa mtaalamu wa kusoma nyama. Tahadhari moja: asipigwe HSG wakati ugonjwa uko hai, kwani ule msukumo unaweza kusambaza vimelea.

Dawa ni zilezile za mapafu kwa miezi 6: miwili ya dawa nne (rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi, ethambutoli), kisha minne ya rifampisini na isoniazidi. Kwenye vituo vya umma ni bure. Mkojo ukiwa rangi ya chungwa asiogope, ni rifampisini hiyo. Lakini dawa hiyohiyo hudhoofisha vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, kwa hiyo atumie kondomu au kitanzi kisicho na homoni. Dawa huua vimelea, makovu hazifuti. Upasuaji wa kufungua mirija iliyoharibiwa na TB hausaidii, na kama ukuta wa mfuko umepona vizuri IVF ndiyo njia.

Nimesikia mrija unaweza kujisokota wenyewe, ovari ikabaki salama. Ni kweli? – Msomaji, Nakuru

Kweli, ingawa ni nadra mno: makadirio yanayotajwa ni mwanamke 1 kati ya milioni 1.5. Mara nyingi mrija huwa na uzito ndani, maji yaliyojaa au uvimbe wa pembeni, ukazunguka kwenye shina lake. Upande wa kulia hupatwa zaidi, ndiyo maana hudhaniwa kidole tumbo. Maumivu huja ghafla pamoja na kutapika. Ultrasaundi inaweza kuonyesha damu inapita vizuri kwenye ovari na kumdanganya daktari. Jibu hupatikana kwa kamera: ukikutwa bado hai hunyooshwa, ukiwa mweusi hutolewa.

Nina miaka 58, hedhi imekoma zamani. Natokwa na maji mengi mepesi yenye rangi ya damu, na yakishatoka maumivu ya tumbo yanapoa. Kipimo cha mlango wa kizazi ni safi. – Mama, Tanga

Mama yetu, usitulizwe na kipimo hicho, hakisomi mirija. Maumivu yanayopoa baada ya maji kutoka ni dalili ya zamani inayojulikana ya saratani ya mrija. Wachache wanaipata, na si kila mwenye dalili hiyo anayo, lakini damu yoyote baada ya kukoma hedhi huchunguzwa. Wiki hii omba ultrasaundi ya ukeni, kipimo cha damu cha CA-125, na nyama ya ndani ya mfuko wa uzazi. Mtajie daktari kama mama, dada au shangazi aliwahi kuwa na saratani ya titi au ya ovari, maana kasoro za jeni za BRCA, zinazoongeza hatari ya saratani hizo, hurithiwa, na saratani nyingi zilizokuwa zikiitwa za ovari sasa zinaaminika kuanzia kwenye vile vidole vya mrija.

Kichocho kinafika kwenye mirija? – Msomaji, Pemba

Kinafika. Mayai ya kichocho cha mkojo hunasa kwenye ukuta wa mrija na kuacha kovu. Mkojo usio na damu haukuondolei shaka. Prazikwanteli ni mg 40 kwa kila kilo ya mwili, dozi moja baada ya chakula: mwenye kilo 60 humeza vidonge 4 vya mg 600. Inaua minyoo, mayai yaliyokwisha kukauka ndani ya nyama hubaki palepale, na ukirudi mtoni au bwawani unaanza upya.