Kigoma, Uliza Kwanza Mwezi

Mmeuliza wiki hii: katika mji wenu, mtu akitaka kula na kunywa vizuri aende wapi? Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, na kwetu swali hilo halijibiki kabla ya kuuliza ni lini. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na taa; mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti tena na wavuvi hupumzika. Kwa hiyo anayefika Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi, alfajiri ya kipindi cha giza hukuta dagaa wabichi wanaong'aa, ilhali anayefika wakati wa mbalamwezi huweza kuandaliwa, hata katika hoteli inayotazama ziwa, samaki aliyelala kwenye jokofu siku nyingi.

Juni 2024 shemeji yangu alikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, nami nilikuwa nimemwahidi migebuka wabichi, samaki wa ziwa letu, nikisahau kwamba ziwa lilikuwa limefungwa kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Asubuhi tulikuta vichanja vitupu na mitumbwi imepandishwa mchangani. Niliona aibu kubwa. Jioni shangazi yangu, pale Ujiji, alitoa migebuka wakavu aliowatunza tangu kabla ya ziwa kufungwa, akawaloweka katika maji ya uvuguvugu, akawachambua miiba mmoja mmoja bila haraka. Aliyaacha mawese yachemke mpaka harufu ya ubichi ikaisha, akatia kitunguu, kisha nyanya chungu, na samaki mwisho kabisa kwa moto mdogo. Ugali wa muhogo aliusonga sisi tukiwa tumekwisha kunawa, ili ufike mkekani ukiwa na mvuke. Shemeji alikula kimya, kisha akauliza, "Shangazi, huyu ni samaki gani?" Akajibiwa, "Ni mgebuka, mwanangu. Ongeza mchuzi."

Nilianza barua hii nikikusudia kusema kwamba asiyekula samaki mbichi hajala Kigoma. Siwezi tena kusema hivyo, kwa sababu mlo bora niliowahi kuula mjini kwetu ulikuwa wa samaki mkavu. Hata hivyo, asiye na shangazi Ujiji na aende kwa mama lishe wa Kibirizi, mchana na si usiku, ikiwa mwezi si mpevu, na aombe apikiwe kwa mawese. Kahawa aifuate Ujiji, barazani, baada ya alasiri.