Maswali ya Wasomaji: Wanawake na Ubao wa Mawimbi

SWALI: Stephanie Gilmore wa Australia ametwaa ubingwa wa dunia wa kupanda mawimbi mara nane. Mbona taji lake la 2022 ndilo linalosifiwa kuliko mengine? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kwa sababu alilitwaa akitokea nafasi ya tano. Gilmore, aliyezaliwa New South Wales mwaka 1988, alikuwa bingwa mwaka 2007, msimu wake wa kwanza kwenye ziara kuu (mfululizo wa mashindano ya kulipwa unaoamua bingwa wa dunia), kisha 2008, 2009, 2010, 2012, 2014 na 2018. Hapo akawa sawa na Mwaustralia mwenzake, Layne Beachley, mwenye mataji saba.

Mwaka 2022 bingwa alipatikana kwa siku moja huko Lower Trestles, California. Wa tano alikutana na wa nne, mshindi akamkabili wa tatu, hivyo hivyo hadi kwa kinara wa msimu, ambaye ilikuwa lazima ashindwe mara mbili ndipo akose taji. Gilmore, akiwa na miaka 34, aliwatoa Brisa Hennessy, Tatiana Weston-Webb na Johanne Defay, kisha akamshinda Carissa Moore mara mbili mfululizo. Ni mapambano matano siku moja, na Moore aliingia majini bado hajachoka. Wapo wanaosema utaratibu huo ulimwonea Moore aliyeongoza msimu mzima, na hoja yao ina uzito. Kazi ya Gilmore siku ile haipungui kwa hilo.

Pengo la 2011 nalo lina sababu. Mwishoni mwa 2010 alishambuliwa kwa chuma nje ya nyumba yake, akaumia kichwani na kuvunjika kifundo cha mkono. Mpanda mawimbi hupiga maji kwa mikono ili alifikie wimbi, na hujisukuma kwa mikono hiyo hiyo ili asimame. Kifundo kibovu humwangusha kabla hata hajaanza. Taji la mwaka huo lilikwenda kwa Moore.

SWALI: Alama zinahesabiwaje? Naona mtu anapanda mawimbi kumi na bado anashindwa.

JIBU: Mawimbi mawili bora tu ndiyo yanayohesabiwa. Kila wimbi hupewa alama kati ya 0 na 10 na majaji watano. Ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, tatu zilizobaki hutafutiwa wastani. Majaji wakitoa 7.0, 7.5, 7.5, 7.8 na 8.5, alama ni 7.60. Ukiongeza wimbi la 6.20 unapata 13.80 kati ya 20.

Wanachotazama ni ugumu wa mikato, yaani mageuzo ya ubao kwenye wimbi, na jinsi mtu anavyojitosa, mchanganyiko wake, kasi, nguvu na mtiririko. Mikato sita midogo kwenye wimbi dogo haifui dafu mbele ya mikato miwili mikali pale wimbi linapovunjikia.

Wengi huangukia kwenye haki ya wimbi. Mwenye haki huchagua kwanza. Akishalipanda, haki inahamia kwa mwenzake. Chipukizi huitumia kwa wimbi la 3.0 kwa pupa, kisha hutazama mpinzani akichukua zuri linalofuata. Ukimzuia mwenye haki, alama ya wimbi lako la pili kwa ubora hukatwa au kufutwa, na hapo pambano limekwisha.

SWALI: Ni kweli wanawake hulipwa nusu ya wanaume?

JIBU: Si tena kwenye ziara kuu. Mwaka 2018 picha ya washindi wawili vijana huko Ballito, Afrika Kusini, ilisambaa: mvulana ameshika hundi ya randi 8,000, msichana ya randi 4,000. Septemba mwaka huo huo waendeshaji wa ziara walitangaza zawadi sawa kuanzia 2019. Ilichelewa mno. Lakini zawadi ni sehemu tu ya kipato. Wengi huishi kwa udhamini, na nembo ya mdhamini mkuu hubandikwa kwenye ncha ya mbele ya ubao, ambako kamera huiona kwanza.

SWALI: Binti yangu ana miaka 14, tunaishi Malindi. Aanzie wapi? (Mama, Malindi)

JIBU: Mama, kwanza awe muogeleaji hodari. Kisha atafute ubao wa sponji wa futi 8, wenye kamba ya mguuni yenye urefu kama wa ubao. Nta iwe ya maji ya joto. Ya maji baridi italainika na mguu utateleza.

Ghuba ya Malindi ina nafuu kwa kuwa mwamba haujaikinga kama sehemu nyingine za pwani. Msimu wa kusi ndio wenye mawimbi, ila aende alfajiri kabla upepo haujayachafua.

Akilala kwenye ubao, ncha iinuke kidogo tu juu ya maji. Akisogea mbele mno itazama na kumrusha. Akirudi nyuma mno wimbi litampita. Mkondo ukimvuta kuelekea kina, asipambane nao: aogelee sambamba na ufuko hadi atoke, ndipo arudi.

Njia ya kuwa mpanda mawimbi wa kulipwa huanzia mashindano ya kanda, kisha ngazi ya pili ya kimataifa, ndipo ziara kuu. Kwa Afrika mengi hufanyika Afrika Kusini, alikotoka Bianca Buitendag, aliyepata fedha ya Olimpiki ya Tokyo nyuma ya Moore. Nauli ndiyo gharama ya kwanza kubwa, kwa hiyo tafuteni mdhamini wa safari kabla ya kununua ubao wa pili.