Jibu: Mama anakohoa tangu msimu wa salfa, mtindi utamsaidia?

Habari ndugu wa Newala. Umeuliza kama mtindi na "bakteria wazuri" vitamponya mama, aliyeanza kukohoa mlipoanza kupulizia mikorosho salfa (unga wa kuzuia ukungu), na bado anapikia kuni ndani.

Anza na makohozi. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kinapimwa TB, na vituo vya serikali hawatozi. Antibiotiki za dukani achana nazo kwanza: moshi haziutibu, na bakteria wa tumboni zinawaua.

Halafu jikoni. Sisi huku Tandahimba mafiga tuliyatoa nje, mpishi anakaa upande upepo unakotokea. Kuni ziwe kavu. Maganda ya korosho asiwashie moto kabisa. Yana mafuta makali, moshi wake unakaba koo palepale. Bomba la salfa likinguruma awe mbali, na nguo za mpulizaji zisilale chumbani kwake.

Tumbo na mapafu vinahusiana kweli. Bakteria wa utumbo huchachusha nyuzinyuzi za mbaazi na mboga, zikatoka asidi zinazopunguza uvimbe. Kwa panya wa maabara imeonekana hadi mapafuni. Basi mtindi na mbaazi ale, ila kama chakula. Akikohoa damu, au pumzi ikimkatikia katikati ya sentensi, hospitali siku hiyohiyo.