Sarafu ya Kirumi yatoa unga

SWALI: Shikamoo mhariri. Marehemu babu, aliyekuwa baharia, aliniachia sarafu ya shaba yenye maandishi CONSTANTINVS MAX AVG, na nyuma askari wawili wenye bendera. Hapa Mikindani imeanza kutoa unga wa kijani. Je, niisugue kwa ndimu? (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Marahaba. Ndimu usiiguse kabisa, kwani itaondoa utando mgumu wa kale ambao wakusanyaji huuthamini kuliko mng'aro. Sarafu hiyo ni ya Constantine, mfalme mkuu wa Roma, na askari hao wanaonyesha kwamba ilipigwa kuanzia mwaka 330. Zilitolewa nyingi mno, hivyo usitarajie utajiri. Unga laini unaopukutika ni kutu hai, yaani inayoendelea kuila sarafu, inayochochewa na chumvi na unyevu wa pwani. Iloweke katika maji ya kujazia betri (si tindikali yake!), ukiyabadilisha mara kwa mara, uikaushe vizuri, kisha uifungie kwenye kichupa pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu.