Kabla Hujamwita Bibi wa Mtu Mtoto wa Kuokotwa

Mwanagenzi mmoja ninayemfundisha utafiti wa nasaba ameniletea orodha ya akina Esposito wote wa Napoli aliowapata kwenye Antenati, tovuti ya nyaraka za serikali ya Italia, kuanzia madaftari ya mwaka 1809 hadi 1865, amewapanga kwa mitaa na kwa rangi, kisha akaniuliza ni yupi kati yao aliyemzaa babu wa mteja wake. Nilimpa pole kwa kazi na kumwambia aifute. Si wa kwanza kufanya hivyo, na kwa jinsi ninavyowaona wanaokuja nyuma yake, hatakuwa wa mwisho, ndiyo maana nimeona heri niyaandike haya mara moja kuliko kuyarudia kila mwezi kwa sauti inayozidi kupanda. Wengi wenu ni Waswahili mnaoishi Italia, mliojifunza lugha yake kazini na sokoni, na mnadhani kwamba anayeweza kugombana na mwenye nyumba kwa Kiitaliano ataishinda pia hati ya karne ya kumi na tisa. Mtaishinda, lakini baada ya kupigwa kidogo.

Kwanza, jina la ukoo la mtoto wa kuokotwa halielezi nasaba. Linaeleza mahali alipopokelewa, au mawazo ya msajili wa siku ile. Watoto walioingizwa katika ruota ya Annunziata, hospitali ya Napoli iliyopokea watoto waliotupwa, lile kabati la mbao lililozunguka ndani ya ukuta ili anayepokea asimwone anayeleta, waliandikwa Esposito kwa vizazi na vizazi, hivi kwamba kinachowaunganisha watu wawili wenye jina hilo huenda kisiwe damu bali tundu lile lile la ukutani. Milano walikuwa na akina Colombo hadi mwaka 1825, Firenze akina Innocenti kutokana na hospitali iliyofunguliwa mwaka 1445, Roma na viunga vyake akina Proietti. Katika miji midogo ya kusini msajili alijitungia tu: jina la ua, la mwezi, la mtakatifu wa siku hiyo, na mara nyingine jina la kejeli ambalo mtoto asiye na kosa alilibeba hadi kaburini. Nimewahi kusoma daftari la msajili aliyefuata alfabeti, na ukifika katikati ya mwaka unaweza kubashiri herufi ya mtoto atakayefuata kabla hujafungua ukurasa.

Kwa hiyo acheni kulifukuza jina, mtafute nani alimpokea, nani alimnyonyesha na nani alilipa. Hati ya ruota ikiwa imeandikwa na mtu makini itawaambia saa mtoto alipokutwa, umri wake wa kukadiria, vitambaa alivyovishwa, na kama alikuwa na alama yoyote shingoni. Wazazi wengine waliacha nusu ya medali au nusu ya picha ya mtakatifu, wakabaki na nusu ya pili wakitumaini kurudi, na kule Innocenti vipande hivyo vimehifadhiwa na kuonyeshwa hadi leo. Kisha kuna malipo ya wanyonyeshaji. Balia alilipwa kwa mwezi, na palipo na malipo pana daftari, aidha katika nyaraka za hospitali, kama mfululizo wa Balie e bambini wa Firenze, au katika nyaraka za comune, yaani halmashauri ya mji, zinazolala kwenye chumba ambacho ufunguo wake unajulikana na mtu mmoja tu. Balia aliyemchukua mtoto siku ile ile aliyookotwa, katika kijiji ambacho kila mtu alijua ujauzito wa kila mtu, mtazameni mara mbili, maana wapo akina mama waliolipwa kuwanyonyesha watoto waliowazaa wao wenyewe. Lakini kushuku si kuthibitisha, na tafadhali shaka zenu zikae kwenye daftari lenu la kazi, zisipande kwenye mti wa ukoo wa mteja.

Pili, katika hati hizo kifupi 7bre (settembre) ni Septemba na 8bre (ottobre) ni Oktoba, na anayeandika Julai na Agosti nitamrudishia kazi yake bila kuisoma.

Tatu, «di Giuseppe» ni baba aliye hai na «fu Giuseppe» ni baba aliyekwisha kufariki, na kwa herufi hizo mbili mnaweza kubana tarehe ya kifo kati ya hati mbili bila kupekua daftari la vifo la miaka ishirini.

Nne, fungueni processetti, yale mafungu ya viambatisho vya ndoa. Najua ni ndefu, najua mara nyingi hazina faharasa, na najua picha zake zimepigwa kama vile mpiga picha alikuwa anawahi treni. Hata hivyo, viambatisho vya ndoa ya mwaka 1820 katika Ufalme wa Sicilia Mbili, yaani kusini mwa Italia kabla ya nchi kuunganishwa, vitakupa dondoo za ubatizo za bwana na bibi harusi kutoka parokiani, hati za vifo vya wazazi waliotangulia, na pale ambapo baba wa muoaji amefariki, hati ya kifo cha babu yake upande wa baba, ambaye huenda alizaliwa kabla msajili wa serikali hajawahi kufikiriwa. Kwa bibi harusi aliyeokotwa, humo ndimo mnamoweza kukuta nakala ya hati yake ya kupokelewa, hata kama ruota yenyewe ilikuwa mji mwingine. Mwanagenzi wa akina Esposito hakuwa ameifungua hata moja.

Na mkiwa bado kwenye ndoa za kipindi hicho, safu ya kushoto ni ahadi tu iliyotolewa mbele ya msajili. Harusi yenyewe ilifungwa kanisani na kuandikwa safu ya kulia, na safu ya kulia ikiwa tupu, msimwoze mtu ambaye pengine hakuoa.

Tano, na hapa nitakaa, kwa sababu bado linaniuma. Nilikuwa nimeshaizoea kazi, na huo ndio wakati wa hatari, maana mgeni husoma kila neno kwa hofu ilhali mwenyeji husoma anachotarajia kukiona. Bibi mmoja wa Buenos Aires, mtu mzima sana, alitaka kujua asili ya nyanya yake aliyezaliwa katika kijiji cha Calabria miaka ya 1870. Alinipa tarehe ya kuzaliwa, jina la kwanza na jina la ukoo alilofika nalo Argentina. Katika faharasa ya mwaka ule hapakuwa na msichana yeyote wa ukoo huo, ila siku ile ile alikuwapo mtoto wa kike mwenye jina lile lile la kwanza, na kando yake jina la ukoo la kubuniwa, ambalo halikuwahi kuonekana kijijini hapo kabla wala baada. Nikafungua hati. Mkunga alikuwa amefika mbele ya msajili akatamka kwamba mtoto amezaliwa na mwanamke asiyekubali kutajwa. Mimi nikajiona mjuzi: mtoto wa kuokotwa, akalelewa na familia fulani, na jina alilovuka nalo bahari ni la waliomlea. Pambizoni kulikuwa na mistari ya mwandiko hafifu, ambayo niliihesabu kuwa ni kumbukumbu ya ndoa yake kama zilivyo nyingi, nikaipita. Nikaandika ripoti nzuri yenye aya nzima kuhusu ruota.

Yule bibi alijibu kwa upole. Alinishukuru, akauliza swali moja: je, hati inasema mtoto alikuwa amefungwa katika kitambaa gani? Nikamjibu kwamba kwa bahati mbaya haisemi. Swali lile lilikuwa na akili kuliko ripoti yangu yote, kwa sababu hati ya mtoto aliyeokotwa husema habari za kitambaa, na hii haikusema kwa kuwa hakuna aliyemtupa. Ilisema nyumba! Mkunga alitaja mtaa na nambari ya nyumba alimozaliwa yule mtoto, vimeandikwa wazi katikati ya ukurasa, nami nilivisoma kama mtu anavyosoma anwani ya mpiga chapa.

Ukweli niliugundua nikiwa natafuta kitu kingine, kazi ya mteja mwingine wa kijiji kile kile. Katika daftari la ndoa la miaka michache baadaye, mume na mke walisimama mbele ya meya na, baada ya kukubaliana kuoana, wakatamka kwamba kutokana na muungano wao alikwisha kuzaliwa mtoto wa kike, aliyeandikishwa tarehe ile, kwa jina lile la kubuniwa, na kwamba wanamtambua na kumhalalisha kuwa binti yao. Jina la ukoo la mume lilikuwa lile la Buenos Aires. Wadogo zake msichana huyo walizaliwa katika nyumba ya nambari ile ile. Niliporudi pambizoni na kuikuza picha, mistari niliyoipuuza ilikuwa inasema jambo hilo hilo, kwa tarehe na kwa jina la meya. Na parokiani, wale wawili walikuwa wamekwisha kufunga ndoa takatifu kabla binti hajazaliwa.

Sababu yake mnaijua, ila mnaisahau kila mnapoona neno «ignoti», yaani wazazi wasiojulikana. Kanuni ya Kiraia iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1866 haikuitambua ndoa ya kanisani peke yake, na hali hiyo iliendelea hadi Mapatano ya Laterano ya mwaka 1929. Wanakijiji walioapa mbele ya padri walijihesabu wameoana, na mbele ya Mungu na majirani walikuwa wameoana, lakini kwa msajili mke alikuwa mwanamke asiyeolewa. Baba akiwapo, alikwenda mwenyewe kumtamka mtoto na kumpa jina lake. Baba akiwa vibaruani mbali, mkunga alikwenda, mama hakutajwa, na mtoto akavalishwa jina la kubuni hadi wazazi walipopata nafasi, ada au msukumo wa kwenda kwa meya.

Niliandika ripoti ya pili. Yule bibi alikuwa amekwisha kuwasimulia wanawe ile ya kwanza, na kaka yake, aliyekataa katakata kwamba nyanya yao aliokotwa, alikuwa hasemi naye. Kaka mtu ndiye aliyekuwa sahihi, bila kusoma hati hata moja. Barua ya mwisho niliyopokea kutoka kwa bibi ilikuwa fupi kuliko ya kwanza na haikuwa na shukrani.

Basi anayeniletea mtoto wa kuokotwa nitamuuliza maswali yale yale: nani aliyetamka, mbele ya nani, mtoto alitoka ruota, barabarani au nyumbani, nyumba nambari ngapi, na pambizoni pameandikwa nini. Msiridhike na nakala moja pia, maana daftari lilitengenezwa mara mbili, moja likabaki comune na jingine likaenda mahakamani, na kumbukumbu iliyoongezwa katika moja haikufika siku zote katika la pili.

Sita, orodha za leva, yaani za kuandikishwa jeshini, ni rafiki wa anayemtafuta mwanamume, aliyeokotwa au asiyeokotwa, kwani jeshi halikumsahau mtu kwa sababu hana baba.

Saba, mnapoiandikia comune, andikeni Kiitaliano cha adabu, ombeni hati moja kwa kila barua, na ombeni copia integrale, yaani nakala kamili, kwa kuwa estratto, dondoo tu, haitawatajia mkunga wala nyumba. Kumbukeni kwamba karani mnayemsumbua huenda ndiye pia anayetoa vitambulisho, anayeandikisha wapigakura na anayejibu simu. Ingawa sheria ya uraia kwa nasaba ilibanwa mwaka 2025, ikabaki kwa mtu anayemtegemea mzazi, babu au bibi pekee, msidhani foleni ya wanaoomba hati imekwisha. Mkumbusheni kwa upole baada ya miezi, si baada ya siku. Agosti msijisumbue kabisa: hakuna mtu ofisini, na barua yenu itakaa chini ya rundo la wale walioandika Julai.