Dalali, Shusha Pumzi Kwanza

Mwaka wangu wa tatu kwenye udalali nilimtukana mwenye nyumba getini kwake, Sinza, Dar es Salaam, saa tano asubuhi, majirani wakisikia. Nilimpelekea mpangaji ambaye nilikuwa nimeshamtembeza nyumba tatu kabla ya hiyo. Nilipotoka nje kupokea simu, wakapeana namba. Wiki iliyofuata napita, naona mapazia mapya dirishani. Walikuwa wamenizunguka, na mwezi wa dalali, yaani kodi ya mwezi mmoja ninayolipwa mimi, ndiyo ukaenda hivyo. Haki ilikuwa yangu, sikatai. Lakini yule mzee alikuwa na nyumba nyingine mbili mtaa wa nyuma, na shemeji yake ana apatimenti Kijitonyama. Zote hizo nilijifungia kwa mdomo wangu asubuhi moja.

Nimeanza na hilo kwa sababu ukimuuliza dalali yeyote kinachomkwamisha atakutajia wateja wasumbufu, wenye nyumba wasio na shukrani na madalali wenzake wanaoiba picha na kuzibandika kama zao. Yote kweli. Kwangu mimi tatizo kubwa zaidi lilikuwa mdomo unaotangulia kichwa.

Aliyenifungua macho ni mteja, mama mmoja muuguzi, tukiwa kwenye bajaji tunaelekea Goba. Simu yangu ililia mara nne njiani na mara zote nne nilijibu kwa kelele. Akanitazama, akasema, "Kaka, unapumulia mabega." Nikadhani ananitania. Akaniambia niweke kiganja juu ya kitovu, nivute pumzi mpaka kiganja kisogee, kisha niitoe taratibu, muda mrefu kuliko niliotumia kuivuta. Tulipofika Goba nilikuwa sikumbuki vizuri nilichokuwa nagombania kwenye simu.

Usiniamini mimi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, utafute mapigo. Kwa wengi wetu, ukivuta pumzi mapigo yanaongeza mwendo kidogo, ukiitoa yanapunguza. Kuna neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, inaitwa vagasi, na kazi yake moja ni kuutuliza moyo. Kutoa pumzi polepole kunaipa nafasi ifanye kazi hiyo. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukivuta kwa kuhesabu hadi 4 na kutoa kwa kuhesabu hadi 6, unashuka mpaka mara 6 hivi. Lugha yetu yenyewe inajua: mtu mzigo ukimtoka huwa anashusha pumzi, hatujasema anaipandisha.

Kijiweni waliponiona nimekaa kwenye benchi nimefumba macho, walisema nimeanza uganga. Mwingine akasema ni dini ya watu. Mimi nilikumbuka madrasa. Ustadhi alitufundisha mahali pa kusimama katika kisomo, maana ukiishiwa pumzi katikati ya aya unaweza kuharibu maana. Na kuhusu hasira tulifundishwa kwamba ikikupanda umesimama, ukae, na isipoondoka, ulale. Kule Marekani, Jon Kabat-Zinn alianza mwaka 1979 kuwafundisha wagonjwa katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, mafunzo ya wiki kadhaa, kurudisha akili pale mwili ulipo bila kugombana na kinachopita kichwani. Wengi wao walikuwa na maumivu ya muda mrefu yaliyoshindikana. Sisi shida yetu ni ndogo kuliko yao, ila inafanana: mwili uko Tabata na mteja wa saa nne, akili iko Mbezi kwa mteja wa saa nane.

Sasa nije kwenye hela.

Nyumba ya vyumba viwili, kodi 800,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita. Hiyo ni milioni 4.8, na mwezi wa dalali unaifikisha milioni 5.6. Unamtajia mteja, ananyamaza. Kimya hicho kiliwahi kunitesa kuliko matusi. Zamani sikuweza kukivumilia hata kwa sekunde tatu. Ningedakia, "Lakini tutaongea naye, atashusha mpaka laki saba." Nimemshushia mtu kodi ya nyumba yake kwa mdomo wangu, bila ruhusa yake, na mteja hajaomba lolote.

Siku hizi nikishataja bei nafunga mdomo na natoa pumzi tatu ndefu. Kama nusu dakika hivi. Naangalia sakafu au dari, simkodolei macho mtu. Kijana mmoja alinyamaza hivyo kwenye sebule ya nyumba kama hiyo, mpaka nikasikia pangaboi la jirani. Halafu akasema, "Kaka, akikubali miezi mitatu mitatu nachukua leo." Kumbe 800,000 hakuwa na shida nayo. Alichokosa ni mkupuo. Mwenye nyumba alikubali mitatu, kodi ikabaki palepale. Ningedakia, ningempunguzia kitu ambacho hakikumuuma na nisingekijua kilichomuuma.

Pumzi nyingine naitoa mlangoni, kabla ya kuingiza ufunguo. Moja tu. Simu naizima sauti naiweka mfukoni. Hapo ndipo nilipoanza kuona wateja wangu wanafanya nini ndani ya nyumba. Wapo wanaopapasa ukuta chini kutafuta unyevu. Wapo wanaofungua bomba kabla hawajatazama chumba hata kimoja, na hao usiwaimbie masta na makabati, waonyeshe simtanki. Mzee mmoja alifika chini ya ngazi, akashika chuma cha pembeni, akaniuliza habari za paking ambayo alikwisha kuiona. Mimi wa zamani ningepanda juu nikimwita aje aone baraza. Nikamuuliza, "Mzee, nyumbani kuna mtu mwenye shida ya magoti?" Mkewe. Tukatoka hapohapo, nikampeleka kwenye nyumba ya chini niliyokuwa sijaipanga kabisa siku hiyo.

Kuna upande mwingine ambao hausemwi sana, kwamba utulivu unaweza kukukosesha hela. Jumamosi moja nilikuwa na kiwanja chenye hati, mnunuzi ana fedha mkononi, muuzaji anataka tumalize leo leo, na asilimia yangu nilishaipangia bati. Muuzaji alituonyesha kivuli cha hati, original akasema iko kwa kaka yake. Nilikuwa na furaha mpaka nilipovuta pumzi nikagundua viganja vimelowa. Roho ilikuwa juu, na si kwa furaha. Nikamvuta mnunuzi pembeni nikamwomba asubiri Jumatatu tukafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi ukaonyesha kiwanja kimewekwa rehani benki. Mnunuzi akashukuru, akaenda kununua kupitia dalali mwingine. Bati sijaezeka. Usingizi nililala.

Kwa anayetaka kuanza: usisubiri siku ya ugomvi. Pumzi usiyoifanyia mazoezi ukiwa shwari haitakuja ukiwa umewaka. Mimi natumia dakika tano asubuhi, kabla ya kuwasha data. Nahesabu pumzi hadi kumi. Akili ikikimbilia kwenye madeni naanza upya moja, bila kujilaumu, na kuna asubuhi sivuki hata nne. Usibane pumzi hadi kizunguzungu. Na kama kifua kinauma nenda hospitali, hiyo si kazi ya kuhesabu pumzi. Wala pumzi haishiki nafasi ya karatasi: siku hizi mteja na mwenye nyumba wote wananisainia kabla sijafungua geti, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari.

Yule mzee wa Sinza nilirudi kumwomba radhi, Ramadhani iliyofuata, baada ya futari. Nilisimama getini palepale, nikashusha pumzi mara mbili, nikagonga. Alinikaribisha, akanipa maji na tende, tukaongea habari za mvua na bei ya saruji. Nilipomwomba msamaha alisema yamekwisha. Funguo za nyumba zake bado anampa dalali mwingine.